Vinywele vya Bi Mize

Ndani ya utumbo wa mbuzi aliishi kijidudu mjane, Bi Mize, mwenye vinywele mwili mzima. Mumewe alichukuliwa na mafuriko.

Jirani yake Machachari, muogeleaji mwenye mkia mrefu, alimcheka. "Bibi, nyoa hivyo vinywele uogelee kama sisi!"

"Ndivyo nilivyoumbwa, mwanangu."

Siku moja mbuzi alikunywa maji kwa pupa, mafuriko yakashuka. Machachari alipigapiga mkia, wapi! Akasombwa. Bi Mize alishika ukuta kwa vinywele vyake, na kadiri maji yalivyomvuta ndivyo vilivyozidi kukaza. Akarefusha kimoja, kikamnasa Machachari, akakirudisha polepole hadi kijana akafika ukutani.

"Ahsante, bibi," Machachari alisema akitweta.

"Mshukuru Muumba."

Tangu afiwe, Bi Mize alikuwa akimuuliza Mungu kwa nini alimwacha hai. Leo hakuuliza. Alisema alhamdulillahi, akamsogeza kijana karibu.