Mashua Mlangoni kwa Bi Nyamizi

Kipupwe kilipokwisha, Lugendo aliitoa mashua yake ghalani kwa fundi, akaifunga kwenye trela na kuikokota kwa pikapu yake kuukuu. Njia ya nyumbani ilikuwa moja tu, nayo ilipita mlangoni kwa Bi Nyamizi. Mwana wa mama huyo, Masele, alitupwa na wimbi kutoka mashua hiyo hiyo akazama, Lugendo akaokoka. Tangu mazishi hawakuwa wamesemezana.

Alikusudia kupita mbio. Lakini Bi Nyamizi alikuwa amesimama katikati ya barabara, shoka mkononi. Lugendo akakanyaga breki, akashuka.

“Shikamoo, mama.”

Mama aliizunguka trela akizipapasa mbao.

“Alikuwa amekaa wapi?”

Lugendo alimwonyesha ubao wa nyuma.

Bi Nyamizi akaliweka shoka chini, akakanyaga gurudumu, akapanda na kuketi pale pale.

“Haya, endesha, baba. Taratibu.”

Lugendo akaondoa gari. Alifika nyumbani kwake mwenyewe, akapapita. Kiooni alimwona mama amekaa wima, mikono imeshika kingo, akitazama ziwa lililoanza kuonekana mbele.