Picha Iliyokwama

Picha ilishuka hadi kwenye paji la uso, ikakwama hapo.

Phanuel akaikodolea macho laptopu. Nywele, paji, basi. Huenda ni Osiako, huenda ni mtu baki tu. Macho na pua vilikuwa bado njiani kutoka Marekani. "Shuka basi, shuka!" akaibembeleza.

Osiako, ndugu yake wa pekee, alienda huko kusoma. Siku moja akagombana na mama kwenye simu, akakata, na hajapiga tena. Hapo nyumbani Kakamega walibaki wawili, Phanuel mwalimu kapera na mama yake Dinah, na nyumba ilikuwa kimya mpaka inaudhi. Ndiyo maana Phanuel alijinyima akanunua ile laptopu: amtafute ndugu yake kwenye intaneti, mama apate kulala.

Pasaka ile Weldon, kijana wa kompyuta mjini, akamwekea mfumo mpya, Linux. "Hii itakimbia, mwalimu." Kukimbia! Tangu hapo intaneti ilitambaa. Kitu pekee kilichofanyika sawasawa wiki hiyo ni fundi wa simu kumwekea mama simu ya pili, ya laini ileile, kando ya kitanda, maana magoti yake yalishakataa kuwahi ile ya sebuleni.

Weldon alirudi, akabadilisha namba za seva, akaipangia upya modemu, kidude kinachopitisha intaneti kwenye laini ya simu. Mchana ilienda vizuri. Jioni, hoi.

"Laini yako ina kelele, mwalimu."

"Laini ni nzima. Linux yako ndiyo mbovu!"

Angalau mama alikuwa amenawiri. Siku hizi obusuma, ugali wake, alimaliza, tena alijichekea. Kila jioni aliuliza, "Leo hukai kwa mashine yako?" Modemu ikishapiga mayowe yake na kubaki ikivuma, yeye hujifungia chumbani, na Phanuel humsikia akinong'ona. Anasali, maskini. Afadhali yeye ana wa kuongea naye.

Sasa picha haikusogea hata unywele. Phanuel alichoka, akachoka kabisa, machozi yakamlengalenga. Akaiacha mashine ikihangaika, akaenda kumwambia mama ukweli: ameshindwa, Osiako hapatikani.

Akasukuma mlango. Mama alikuwa ameketi kitandani, mkono wa simu sikioni, macho ameyafumba.

"...na ng'ombe wako amezaa tena," alikuwa akisema. "Phanuel naye bado hajaoa."

Alipomwona Phanuel, akamwashiria anyamaze.

"Ni Osiako," akanong'ona, uso umemchanua. "Anapiganga kila jioni. Simu hata hailii, nikiinua tu nampata. Hasira haijamwisha, hasemi kitu, lakini namsikia akipumua, shhh, bila kukoma."

Akamnyooshea mkono wa simu.

"Njoo, msalimie ndugu yako."