Unyevu wa Nguzo ya Tisa

Kiangazi kilikuwa kimekaza mpaka ng'ombe wa kijiji cha Mwamalulu wakaanza kulamba mawe, lakini nguzo ya tisa ilishikilia kwamba ardhi imelowa.

Injinia Edson aliisoma taarifa hiyo kwenye kompyuta yake mjini Shinyanga, akafuta kioo kwa ncha ya tai, akaisoma tena. Nguzo zote alizisimika mwenyewe kwenye mashamba ya wakulima, kuanzia Maganzo hadi karibu na Bugarama. Kila moja ilikuwa na paneli ya sola kichwani, antena ubavuni, na kifaa cha kupimia unyevu kilichofukiwa chini kama muhogo. Zilimtumia habari za udongo mchana na usiku, bila waya. Nguzo nyingine zote zilisema ukame. Hii moja ilibisha.

Akapanda gari la mradi, akaenda.

Nguzo ya tisa ilisimama shambani kwa mzee Bujiku na mkewe, Paskalina. Siku ya kuisimika, Paskalina alikuwa amenyoosha mkono mbele ya kijiji kizima. Alisema mlingoti ni mzuri, ila wao waliomba kisima. Maji wanachota kwenye lambo, wanagombania na ng'ombe, na kila kiangazi wanazika watoto kwa kuhara.

"Mama yangu," Edson alimjibu kwa upole wa mtu aliyesoma, "siku hizi wakubwa hawasikilizi vilio, wanasikiliza vipimo. Mashine haina ndugu. Ikisema kuna maji, hata waziri ataamini."

Paskalina aliuliza swali moja tu: hiyo mashine inasikilizia wapi? Edson alifurahi kuona mama wa kijijini anapenda sayansi. Akamwonyesha kwa kijiti mahali penyewe.

Sasa alirudi kwa hasira.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Injinia. Karibu maji."

Alimletea nusu kikombe. Edson aliyanusa, akakuta yananuka zizi, akayaweka chini na kunywa ya chupa yake. Kisha akamgeukia Bujiku.

"Mzee, niambie ukweli. Ng'ombe wako wanaikojolea mashine yangu?"

"Injinia," Bujiku alisema, "kwa kiangazi hiki, ng'ombe wangu watoe wapi mkojo?"

Edson akaanza uchunguzi. Alifukuza kuku waliokuwa wakiparura chini ya nguzo. Alimwamuru Paskalina aondoe baiskeli yake na madumu yake, vinatia kivuli kwenye sola. Akapanda ngazi, akapangusa paneli, akakaza antena, akakagua betri. Aliposhuka alifukua kile kifaa cha chini, akaweka kipya kabisa, akakanyaga majani mabichi kurudi garini.

Wiki iliyofuata nguzo ya tisa ilisema udongo umelowa kuliko mwanzo.

Hapo Edson alielewa. Chini ya Mwamalulu palipita mkondo wa maji, na aliyeugundua ni yeye! Aliupeleka mkondo huo Mwanza, kwenye ukumbi wa hoteli, ukiwa umechorwa kwa rangi ya buluu. Wafadhili walipiga makofi. Meneja wake, Ritha, ndiye pekee aliyeuliza kama wenyeji wanaujua.

"Wenyeji hawana vipimo," Edson alimjibu, na ukumbi ukacheka.

Mtambo wa kuchimba visima ukaja Mwamalulu ukitanguliwa na gari la matangazo. Siku hiyo hakuna aliyepika. Kinamama walikaa chini wamekumbatia magoti kama waliofika msibani, na Paskalina alipitisha rozari vidoleni haraka haraka. Mtambo ulinguruma, ukatoa vumbi jekundu, kisha vumbi jeupe, kisha unga wa mwamba. Fundi alitikisa kichwa. Edson, jasho likimchuruzika, akasema ongeza bomba. Wakaongeza. Vumbi. Ongeza tena.

Kisha likatoka tope, na nyuma ya tope yakaruka maji, yakawalowanisha wote mpaka diwani.

"Minzi! Minzi!" kijiji kilipiga kelele kwa Kisukuma, na hata asiyejua lugha hiyo siku ile alijua maji yanaitwaje.

Paskalina alianguka magotini. Alilia kuliko wote.

"Kumbe yapo!" alisema, akiyashika kwa mikono miwili. "Mungu wangu, kumbe yapo kweli!"

"Si nilikwambia, mama?" Edson alimwinua kwa huruma. "Mashine haidanganyi."

Redio ilimhoji. Kisima kikapewa jina lake, kikaandikwa kwa saruji. Jumapili, kanisani, padri alimwombea maisha marefu, na kinamama wa vijiji jirani, waliokuja kuona maji, walibaki nyuma ya kanisa wakizungumza na Paskalina kwa muda mrefu.

Haukupita mwezi. Asubuhi moja Edson alifungua kompyuta yake. Nguzo zote zilikuwa zimelowa! Moja baada ya nyingine, kuanzia Bugarama hadi Maganzo, na mvua haijaanguka hata tone. Huo haukuwa mkondo tena. Lilikuwa ziwa, ziwa zima limejificha chini ya mkoa, likimngoja yeye. Alianza kulipaka rangi ya buluu.

Simu ikaita.

"Injinia, habari za kazi? Naitwa Ndaki, mwenyekiti wa kitongoji huku Maganzo. Samahani, huo mtambo unatufikia lini? Kinamama wetu wamechoka. Na wenzetu wa Mwamalulu wametuficha: wao kwenye nguzo yao walimwaga ndoo ngapi?"