Glasi Nane za Mama Mkwe

Saa kumi kasorobo, jagi lilikuwa bado limejaa pomoni. Josphat alilitazama, akamtazama mama mkwe wake, akalitazama tena.

"Mama, daktari alisema glasi nane kwa siku. Nane! Umekunywa ngapi?"

Mama Kasyoka hakumwangalia. Alikuwa amegeukia dirisha, leso imemfunika kichwa.

"Nitakunywa baadaye," aliliambia pazia.

Hivyo ndivyo alivyozungumza na Josphat tangu afike kutoka kijijini Kola: na pazia, na ukuta, na kalenda ya kanisa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alikuwa na siku kumi na mbili, na hata kushika glasi kulimshinda.

Na maji yenyewe aliyachemsha Josphat, kwa magongo mawili na mguu mmoja wenye plasta. Alikuwa ameanguka kutoka juu ya lori kazini kule Mavoko. Sasa alishinda sebuleni na kulala sebuleni, mguu umenyooshwa juu ya stuli, umekata ujia mwembamba wa kwenda jikoni, bafuni na chooni. Mkewe Mwikali alilala chumbani na mama yake, na kukicha alikwenda kushona nguo sokoni. Kila siku aliacha agizo lile lile.

"Hakikisha mama anakunywa. Daktari amesema hizo figo zikiendelea hivi atalazwa, na huenda asitoke."

Josphat alihakikisha. Alimimina, akabembeleza, akafoka. Mama alidonoa maji kama kuku, akarudisha glasi mezani.

Kisha kulikuwa na ziara zake. Alfajiri, kabla jogoo wa jirani hajamaliza kuwika, alikuwa keshatoka kwenda misa. Saa kumi jioni aliondoka tena kwenda kwa Kamanthe, mjane wa ploti ya pili, akakaa huko hadi Mwikali arudi. Asubuhi ananishtaki kwa Mungu, Josphat aliwaza, jioni ananishtaki kwa majirani.

Chuki hiyo alijua ilikotoka. Wakati wa posa, mama huyu ndiye aliyesema mbele ya wazee kwamba binti yake hafai kuolewa na mtoto wa mjini asiyejua mila. Josphat alizaliwa Mlolongo, akakulia Mlolongo; ushago, kijijini kwao, alifika kuzika tu. Maneno yale yalimkaa rohoni miaka sita.

Na jana Kamanthe alikuja na sukuma wiki, akatia petroli kwenye moto bila kujua.

"Huyu mama yenu anapenda maji, jamani! Kwangu anamaliza vikombe viwili, vitatu, hata sijamaliza kumsalimia."

Usiku huo Josphat hakupata usingizi. Kumbe kiu anayo! Maji ya jirani matamu, ya mkwe sumu. Katika maisha yake alikuwa ameitwa mvivu na mlevi, lakini hakuna aliyewahi kumdhania muuaji. Iliuma, na maumivu yale yalipochacha yakawa hasira tupu.

Basi leo, saa kumi ilipogonga na mama akachukua mkoba wake, alikuta mlango umefungwa. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Josphat.

"Leo hakuna kwa Kamanthe."

Akamimina glasi, akapiga mafunda mawili, akaiweka mbele ya mama.

"Umeona? Nimekunywa. Hapa siko na sumu, Mama. Kunywa."

Mama akautazama mfuko wenye ufunguo, kisha akainamisha kichwa.

"Nifungulieni," aliiambia sakafu.

"Jagi likiisha."

Akanywa. Josphat alihesabu kwa sauti, kama dalali wa mnada. Moja. Mbili. Ya tano mama alisita, akafumba macho, akaendelea. Ya nane ilipoisha alishika mkoba wake, akasimama.

"La, kaa," Josphat alisema. "Kaa Mwikali aje ajionee mwenyewe kama umekufa."

Mama akaketi ukingoni mwa kiti. Dakika zikapita, nusu saa, saa nzima. Alijikunja, akajikunjua, rozari ikipita vidoleni upesi upesi. Jasho lilimtoka.

Anangoja sumu ifanye kazi, Josphat aliwaza, akacheka kwa sauti. Moyo wake ulijaa raha ya kisasi, na hakuona aibu kuionja. Akawasha televisheni, akausogeza vizuri mguu wake juu ya stuli.

Saa kumi na mbili Mwikali akabisha. Josphat alijikokota akamfungulia, kisha akaliinua jagi tupu juu kama kikombe cha ushindi.

"Glasi nane! Zote! Sasa muulize mamako kama maji yangu yako na sumu!"

Mwikali alikuwa amemwona mama yake. Akamkimbilia, akamgusa paji la uso, akaurudisha mkono haraka. Mama alimvuta karibu, akamnong'oneza kwa Kikamba, maneno machache tu, machozi yakimtiririka hadi kidevuni.

"Anasema nini?" Josphat aliuliza. "Nimemroga?"

Mwikali aligeuka polepole. Sauti aliyoitoa Josphat hakuwahi kuisikia katika miaka yote ya ndoa yao.

"Toka nje, Josphat. Mama amekaa hapa siku kumi na mbili na hajawahi kuingia choo chetu hata mara moja, kwa sababu kwa mila zetu hawezi kumpita mkwewe akienda haja."