Gari la Saa Tisa

Saa tisa kasoro dakika tatu za mchana, Hisham alisimama kwenye dirisha la jikoni akalifunga gari ambalo lilikuwa limefungwa kwa miezi mitatu.

Alitoa mkono nje na kubonyeza rimoti ya ufunguo. Kule chini, karibu na mfereji wa falaji, gari jeupe la marehemu baba yake liliwasha taa na kulia mara mbili. Hisham akaweka ufunguo kando ya sahani moja iliyopinduliwa ikauke, akanawa mikono.

"Huyo baba'ko kafika," mama yake alisema kutoka sebuleni. "Lete sinia."

Bwana Harub, baba yake, alikuwa na mtindo wake. Hakulifunga gari akiwa amesimama karibu nalo. Alishuka, akatembea hatua thelathini, na alipofika mlango wa nyumba ndipo alipobonyeza, mgongo ukiwa umelielekea gari. Mtaani walidhani ni maringo. Kumbe ndiyo ilikuwa hodi yake: kama mna wageni wa kike wajitande, na mkewe, Bi Shukriya, apakue wali.

Alizikwa wiki moja baada ya Ramadhani. Siku ya kumi ya eda, Bi Shukriya alitenga chakula, kisha akakaa tu akikitazama. "Tumngoje baba'ko," alisema. Hisham alitia mkono katika mfuko wa kanzu kutafuta kitambaa cha kufutia macho, akaugusa ufunguo, na gari likalia.

"Huyo," alisema mama. Wakala.

Tangu siku hiyo ikawa kazi yake. Kila siku akitoka ofisini Izki alikimbiza gari lake mpaka Nizwa, akaliacha nyuma ya nyumba, akapitia mlango wa jikoni na kubonyeza. Ijumaa aliliwasha gari la baba yake lisife betri. Walikuja wanunuzi wawili kutoka Bahla, akawaambia lina ubovu ambao hata yeye haujui.

Mama hakuuliza kwa nini mtu aliyefika hatokei sebuleni. Hisham alimshukuru Mungu na hakutaka kuchokonoa. Alichojua ni kwamba bila mlio ule mama hatii mkono kwenye sinia, na hata ukishalia, hatii mpaka mwanawe atie kwanza. Basi Hisham alikula. Kwingine kote chakula kilikuwa hakimpiti kooni. Ofisini alishinda kwa chai. Hapa alikula kwa ajili ya mama, tonge baada ya tonge, huku mama akimsogezea minofu ya nguru upande wake na mwenyewe akidonoa punje mbili tatu.

Mazoon, dada yake, ndiye aliyekuwa tishio. Aliishi Maskati na alikuwa na mipango. Mwezi uliopita alikuja na mizani, akampandisha mama juu yake kama mzigo wa posta.

"Kaongezeka kilo mbili," alimwambia Hisham pembeni.

"Si nilikwambia? Anakula vizuri."

"Wewe ndo unatisha. Kanzu inakuvaa." Kisha akashusha sauti. "Lakini sikiza, Hisham. Akili yake haiko sawa, na hilo unalijua. Siku atakayokataa kula, siku hiyohiyo namchukua. Eda ataimaliza kwangu. Khalas."

Hisham hakumwambia siri ya gari. Aliogopa nyumba hii ikifungwa, yeye atakuwa hana pa kurudi. Hilo alilijua na lilimuuma, ila mbele za watu alisema anamhofia mama.

Jumanne moja Hisham alichelewa kidogo. Aliingia jikoni mbio, akatoa mkono dirishani, akabonyeza.

Gari halikulia.

Akabonyeza tena. Akaupiga ufunguo kwenye kiganja, akaupuliza, akaunyoosha nje mpaka bega likatoka dirishani. Taa hazikuwaka. Akafikiria kukimbia apige honi, lakini honi ni ya kumwita mhudumu wa mkahawa alete chai garini. Baba yake hakupata kupiga honi nyumbani kwake hata siku moja, na mama angejua.

Saa ya ukutani ikaonyesha tisa na dakika tano, kisha na kumi. Akilini Hisham alimwona Mazoon akiingia na masanduku. Alimwona mama yake kwenye ghorofa ya tatu Maskati, akiitazama barabara asiyoijua, chakula kimepoa mbele yake.

Akabeba sinia, ufunguo ukiwa bado kiganjani. Akaliweka juu ya mkeka, akambusu mama kichwani kama desturi yake, akasema lile aliloliokota njiani kati ya jikoni na sebule.

"Mama, baba kapiga simu. Yupo Bidbid, kakwama. Kasema tule tu, asingojwe."

Bi Shukriya akanyoosha mkono, akauchukua ule ufunguo kutoka kiganjani mwake na kuugeuza nyuma na mbele.

"Betri imekwisha hii," alisema. "Ilimfanyia vivi hivi baba'ko mwaka jana, Mungu amrehemu. Zinauzwa dukani kwa Khelef. Ukitoka kanunue, kesho tutaihitaji."

Akausogeza upande wenye minofu ukamwelekea Hisham.

"Sasa kaa ule."

"Na wewe, mama?"

"Mimi kila siku nakula saa sita, mwanangu."