Mgeni Ndani ya Birika

"Dalili nilizoficha humu, hata mpelelezi mzoefu atazeekea hapa hapa," Mtundu alitamba, akaisogeza kompyuta mbele ya dada yake.

Ilikuwa tovuti ya hoteli isiyokuwepo popote. Mtundu aliibuni kwa ajili ya hadithi ya mgeni aliyetoweka, na kila picha ilificha jambo. Chumba cha mgeni kilikuwa sebule yao wenyewe, imevishwa mapazia ya kuazima.

Dada, mpiga picha za harusi, aliuona ufunguo uliochungulia chini ya zulia kabla chai yake haijapoa. Akaiona na saa iliyosimama.

"Bahati tu hiyo," Mtundu alicheka. "Dalili kubwa bado."

"Nimeshaiona."

Alikuwa ameikuza picha mpaka birika la mezani likajaa skrini nzima. Kwenye tumbo lake linalong'aa kama kioo alijikunja kijana mwenye fulana ya milia, mashavu yamevimba, ulimi nje, amekumbatia kamera kubwa.

Mtundu akaitazama fulana aliyovaa. Milia ile ile.

Lenzi ya kamera hiyo, ya kazi ya dada, ilikutwa imepasuka juzi. Mtundu aliapa kwamba hajaigusa, na msaidizi wa dada akafukuzwa kazi kwa kosa hilo.

"Hiyo... hiyo dalili sikuiweka mimi."

"Najua, mdogo wangu."

Dada alichukua simu, akalitafuta jina la msaidizi, akapiga, kisha akamnyooshea Mtundu.

"Haya, mwenye hoteli. Mgeni wako aliyetoweka huyu hapa. Zungumza naye."