Sale la Mwenyekiti

Ijumaa, tarehe 23 Septemba 1994, ndiyo siku mambo yalipoharibika, ijapokuwa asubuhi hiyo Mwalimu Dominika alidhani yametengenea.

Alikuwa na watoto wa darasa la tano kwenye maktaba ya shule, chumba kilichokuwa zamani stoo ya mahindi, akiwaonyesha kwenye kitabu jinsi mizizi inavyoshika maji. Ghafla wakasimama wote.

"Shikamoo, Mwenyekiti!"

Eliona, mwenyekiti wa kijiji, alikuwa mlangoni na mche mzima wa sale mkononi. Rombo yote ilikuwa vumbi tupu, lakini viatu vyake vilikuwa na matope.

Kila Mchagga anajua maana ya sale. Anayekuletea anaomba msamaha, nawe huna ruhusa ya kumkatalia. Ukishalipokea, kesi imekufa. Kosa lile hulitaji tena, si kwa balozi wa nyumba kumi, si wilayani.

Na kosa lilikuwepo. Jumanne, kwenye mkutano wa kijiji, Dominika alisimama akaomba miti ya chemchemi isiguswe, maana ndiyo chemchemi pekee iliyobaki. Ikikauka, shule inafungwa na migomba inakufa.

"Huyu ni mlinda vitabu," Eliona akasema. "Vitabu vinakunywa maji?"

Watu wakacheka. Si walikuwa wamekunywa pombe yake ya mbege? Wanunuzi wa mbao kutoka Himo walishaonekana nyumbani kwake. Siku hizi kila kitu ruksa, na ruksa yenyewe ni ya wakubwa. Wengine tumeachiwa kiu.

Dominika hakubishana. Kesho yake aliwapeleka watoto chemchemini, kule juu mlimani, wakaizungushia masale, kwa sababu sale ni mpaka pia, na mtu mwenye akili timamu haling'oi. Kila mtoto alifunga uzi wa sweta kuukuu la shule kwenye mche wake, kwa fundo lake mwenyewe, autambue. Jumatatu angekwenda na wazazi mjini Mkuu, kwa wakubwa wa wilaya, kushtaki kabla misumeno ya injini haijafika. Tumaini lingine hakuwa nalo.

"Mama, nilikukosea mbele ya watu," alisema Eliona, "na mbele ya watu naomba."

"Wenzako huleta jani moja, Mwenyekiti."

"Kosa kubwa, sale kubwa!"

Watoto wakacheka. Dominika naye nusura acheke.

"Na ile miti?"

"Pokea kwanza, mama. Tutaongeaje na hili bado liko mkononi mwangu?"

Mwalimu Mkuu, Antoni, alikuwa ameshasogea dirishani. "Pokea bwana, Mama Dominika. Sale halikataliwi. Usituletee balaa shuleni."

"Na unisamehe yote," Eliona akaongeza. "Usibakize kitu moyoni."

Dominika aliwatazama watoto. Juzi tu aliwaambia kwamba wazee wetu walilinda maji kwa sale, bila bunduki wala askari. Leo yeye alikatae mbele yao? Akanyoosha mikono miwili, akapokea.

"Nimekusamehe," alisema. "Yote."

Watoto wakapiga makofi. Eliona akafuta jasho, akaaga. Hakungoja hata chai.

Dominika akabaki amesimama, macho yamemlowa. Moyoni alishaanza kumwona Eliona mtu mwema. Labda hata safari ya Mkuu haikuwa na haja tena.

Ndipo muungurumo ukasikika kutoka juu mlimani.

"Pikipiki hiyo," alisema Antoni, bila kumtazama.

Ukanyamaza. Kisha kitu kizito kikaanguka huko juu, na vitabu vikatikisika kwenye rafu. Muungurumo ukaanza upya.

Udongo mbichi ulikuwa unamdondokea Dominika miguuni, kutoka kwenye mizizi ya ule mche. Pamela, aliyekaa dawati la mbele, akainuka, akashika shina lake, akalipapasa mpaka akafikia uzi wa bluu wa sweta na fundo lake.

"Mwalimu, mbona hili ni sale langu?"

Mti wa pili ukaanguka.

"Mwalimu," akasema Pamela, "na hili nalo umeshamsamehe?"